Ludlow: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mahali Mji Ulipo na Ramani Zake

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kwenda Ludlow, na wa yule anayependa kuusoma mji huu kwenye ramani akiwa nyumbani kwake. Maswali ni yale yanayorudi tena na tena kutoka kwa ndugu na jamaa waishio Uingereza, na wageni wao wanaotoka Afrika Mashariki. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Mengine nimeyarefusha makusudi, maana kwa maoni yangu ni miji michache sana ya ukubwa huu ambayo ramani yake inasimulia mambo mengi kiasi hiki.

Ludlow iko wapi hasa?

Iko kusini mwa kaunti ya Shropshire, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Kaskazini yake, kama kilomita 45, kuna Shrewsbury, makao makuu ya kaunti. Kusini, kama kilomita 38, kuna jiji la Hereford. Barabara kuu ya A49 ndiyo inayoiunganisha miji hiyo mitatu. Inapita ubavuni mwa Ludlow, upande wa mashariki, bila kuingia katikati ya mji. Ukielekea magharibi kwa gari, kwa nusu saa hivi unafika Knighton, na hapo umeshaingia Wales.

Mji una wakazi wapatao elfu kumi. Kwa latitudo na longitudo, tafuta 52.37 Kaskazini na 2.72 Magharibi. Msimbo wa posta unaanza na SY8.

Mbona simu inanipeleka Marekani?

Kwa sababu jina hili liko pia Massachusetts, Vermont, Kentucky na Colorado. Ludlow ya Colorado ina historia yake nzito: mwaka 1914 wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo, pamoja na wake na watoto wao, waliuawa pale. Kwa hiyo ukitafuta jina peke yake unaweza kuletewa habari na picha za huko. Andika "Ludlow, Shropshire", au weka msimbo wa posta wa ngome, SY8 1AY, utafikishwa hadi uwanja wa soko.

Ludlow kuitwa "mji wa soko" kunaupa mji nini?

Kunaupa haki. Katika Zama za Kati mtu hakujiamulia tu kuweka meza zake na kuanzisha soko. Haki hiyo ilitoka kwa mfalme, na bwana wa eneo aliyepewa alikusanya ushuru kwa wauzaji. Soko jipya likianzishwa karibu mno na la zamani, mwenye la zamani aliweza kushtaki kwamba analiwa riziki.

Karibu mno ni umbali gani? Kitabu cha sheria cha karne ya 13 kinachojulikana kwa jina la Bracton kinataja maili 6 na theluthi mbili, yaani karibu kilomita 11. Hesabu yake ni ya mtu wa kawaida. Mwendo wa siku moja ulihesabiwa kuwa maili 20. Uligawanywa mara tatu: theluthi ya kwanza kwenda sokoni, ya pili kuuza na kununua, na ya tatu kurudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Sasa fungua ramani ya eneo zima uitazame Ludlow na jirani zake: Leominster kusini, Tenbury Wells na Cleobury Mortimer upande wa mashariki. Kwa barabara, kila mmoja uko kama kilomita 15 hadi 20 kutoka Ludlow. Mama aliyebeba mayai na siagi kutoka shamba lililo katikati aliweza kwenda soko lolote kati ya hayo na kurudi siku hiyo hiyo. Miji hiyo imeachana kwa kadiri ya miguu ya watu na ya wanyama wao, na barabara za lami zilipokuja ziliikuta palepale.

Kwa nini mji ulijengwa pale na si kwingine?

Angalia mto. Teme unatokea Wales, unafika hapa na kupinda, ukikizunguka kilima kwa upande wa magharibi na kusini. Upande wa kaskazini kuna mto mwingine mdogo, Corve, unaoingia Teme karibu na mji. Kilima kimezungukwa na maji pande tatu, na upande wa ngome kina miteremko mikali. Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mpaka wa Wales uliwapa shida kubwa, na mahali kama hapa hawakupaacha. Familia ya de Lacy ilijenga ngome ya mawe mwishoni mwa karne ya 11, na mji ukaota mbele ya lango lake.

Katika Domesday, daftari kubwa la ardhi la mwaka 1086, utaikuta Ludford, kijiji cha ng'ambo ya mto, lakini Ludlow haimo. Mji ulikuwa bado haujaandikwa popote. Miaka mia nne baadaye ndiyo uliokuwa makao ya serikali ya eneo lote: Baraza la Wales na Mipakani lilikaa katika ngome hiyo kuanzia miaka ya 1470 hadi lilipovunjwa mwaka 1689. Kesi za watu wa Wales zililetwa hapa. Mawakili, makarani na wenye mashauri walihitaji kulala, kula na kuandikiwa hati, na nyumba nzuri nyingi unazoziona leo zilijengwa kwa fedha yao.

Ndani ya ngome hiyo alifariki Arthur, mtoto wa mfalme Henry wa Saba, tarehe 2 Aprili 1502, akiwa na miaka 15. Hakuwa ametimiza hata nusu mwaka wa ndoa na Catherine wa Aragon. Mdogo wake ndiye aliyerithi kiti, akamwoa mjane huyo, na alipotaka kumwacha akagombana na Papa na kulitenga kanisa la Uingereza na Roma. Huyo ni Henry wa Nane. Baada ya Baraza kuvunjwa, ngome iliachwa ikaharibika. Leo ni magofu yanayotunzwa vizuri, na kuingia ni kwa kulipa.

Nikiitazama ramani ya mji, nianzie wapi?

Anzia kwenye ngome, pembe ya kaskazini-magharibi ya kilima. Toka langoni uelekee mashariki. Mbele yako kuna uwanja wazi, Castle Square, ambako soko linafanyika hadi leo. Endelea mashariki na uwanja unakwisha ghafla: unakutana na vipande vya majengo vilivyobanana, vikiachana kwa vichochoro kama Church Street na Harp Lane. Ukivipita unafika Buttercross, jengo la mawe la karne ya 18 lenye saa juu, kisha King Street, kisha Bull Ring.

Hapo ndipo ramani inaposema jambo ambalo macho peke yake hayalioni. Funika kwa kidole vile vipande vilivyobanana. Utaona kwamba uwanja wa soko hapo mwanzo ulikuwa mmoja, mrefu na mpana, kuanzia lango la ngome hadi Bull Ring. Wauzaji walikuja na meza asubuhi na kuziondoa jioni. Polepole meza zikaachwa zilale palepale. Zikawekewa paa. Paa likawekewa kuta, kuta zikapandishiwa ghorofa, na baada ya vizazi kadhaa katikati ya soko pakawa na mitaa. Vichochoro vile ndizo njia zilizokuwa zikipita kati ya safu za meza. Yeyote aliyewahi kuona vibanda vya sokoni vikigeuka maduka ya kudumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa shuka kusini. Mitaa inayoteremka kuelekea mtoni imekwenda sambamba: Mill Street kutokea Castle Square, Broad Street kutokea Buttercross, na Old Street kutokea Bull Ring. Kati ya mitaa mikubwa kuna njia za nyuma, kama Raven Lane, na njia za kukatiza, kama Bell Lane na Brand Lane. Hapa watu walipimiwa viwanja. Kila kiwanja kilikuwa na uso mwembamba barabarani na mgongo mrefu kwenda nyuma. Mbele ulijenga nyumba au duka. Nyuma kulikuwa na karakana, zizi, bustani na kisima. Kwenye ramani yenye mipaka ya viwanja utaviona hadi leo, vyembamba na virefu, vimepangwa ubavu kwa ubavu.

Mwanajiografia M. R. G. Conzen, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza, aliichukua Ludlow kuwa mfano wa utafiti wake. Alionyesha kwamba mji haukuchorwa siku moja na mtu mmoja. Uliongezwa kipande kwa kipande, na maungio yake bado yanasomeka kwenye umbo la mitaa na viwanja.

Kama nina muda wa mtaa mmoja tu?

Broad Street, bila kusita. Simama chini ya Buttercross utazame kusini. Juu kabisa kuna nyumba za mbao ambazo ghorofa zake zimekaa juu ya nguzo, na watu hupita chini kama barazani. Kadiri unavyoteremka, mbao zinaipisha tofali nyekundu na madirisha marefu ya karne ya 18, wakati matajiri wa kaunti walipojenga nyumba zao za mjini hapa. Chini, Broad Gate inaziba njia: ni lango la ukuta wa mji, na juu yake baadaye watu wakajenga nyumba. Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1233 na ulikuwa na malango saba. Hili peke yake ndilo lililobaki limesimama, na magari bado yanapita ndani yake, moja moja. Pita uendelee Lower Broad Street hadi Ludford Bridge, daraja la mawe la Zama za Kati. Geuka nyuma utazame ulikotoka.

Mjini kuna majengo karibu 500 yanayolindwa kwa sheria, na sehemu kubwa iko ndani ya eneo hili dogo.

Kwenye ramani kuna alama ya kanisa lenye mnara. Ndilo lile linaloonekana kutoka mbali?

Ndilo. Kanisa la St Laurence, mnara wake ni mita 41. Ukitembea milimani ukipotea, litafute kwa macho kabla hujatafuta dira. Ndani, kwenye viti vya waimbaji, inua kiti kimoja uangalie chini yake: kuna michongo ya mbao ya karne ya 15, ya watu wakifanya kazi zao za kila siku.

Ninunue ramani ipi ya karatasi?

Shirika la ramani la taifa linaitwa Ordnance Survey, lililoanza mwaka 1791. Lina aina mbili zinazokufaa. Ya kwanza ni Explorer, jalada la rangi ya chungwa, skeli ya 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kilomita moja. Kwa Ludlow ni namba 203. Inaonyesha hadi mipaka ya mashamba, kwa hiyo anayetembea kwa miguu achukue hii. Ya pili ni Landranger, jalada la waridi, skeli ya 1:50,000. Namba yake ni 137, na inakuonyesha eneo pana zaidi: mji, vilima na njia za kwenda Church Stretton.

Kama ulisoma jiografia sekondari Kenya, Uganda au Tanzania, Landranger haitakuwa ngeni kwako. Karatasi za 1:50,000 tulizofundishiwa usomaji wa ramani zilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya idara ya upimaji ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1946 kupima makoloni. Mwaka 1984 idara hiyo ikaunganishwa na Ordnance Survey. Kontua, gridi ya kilomita moja moja, namba za tarakimu sita, vyote utavikuta. Ulichofundishwa na mwalimu wako kinafanya kazi hapa bila kubadilishwa.

Namba ya gridi, SO 508 745, nasomaje?

Herufi mbili za mwanzo ni mraba mkubwa wa kilomita 100 kwa 100. Karibu eneo lote unalotembea liko ndani ya SO, lakini usiziache herufi: namba zilezile zinajirudia katika kila mraba mkubwa nchini, na ukiwapigia waokoaji bila herufi hujawaambia kitu.

Tarakimu tatu za kwanza, 508, ni za kwenda mashariki: tafuta mstari wa 50, kisha ongeza sehemu 8 za kumi kuelekea 51. Tatu za mwisho, 745, ni za kwenda kaskazini: mstari wa 74, kisha sehemu 5 za kumi. Umefika kwenye ngome, ndani ya mraba wa mita 100.

Jingine dogo: majina ya mambo ya kale kwenye ramani hizi yameandikwa kwa hati ya Kigothi, ile yenye pembe pembe. Ukiona maandishi hayo katikati ya shamba, kuna tuta, gofu au ngome ya zamani pale.

Ramani ya simu haitoshi?

Ndani ya mji inatosha kabisa. Ukivuka mto kwenda Whitcliffe, au ukiingia msitu wa Mortimer kusini-magharibi mwa mji, usiitegemee peke yake. Mtandao hukatika mabondeni, na baridi humaliza betri upesi. Pakua eneo lote kabla hujatoka, na uwe na karatasi mkobani. Hili nalisema kwa msisitizo kwa wageni wanaokuja kati ya Novemba na Februari, kwa sababu giza huingia mapema, na Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni.

Njia inapita katikati ya shamba la mtu. Naruhusiwa?

Swali hili linaulizwa sana na watu wetu, na ninalielewa: ulikokulia, kukatiza shamba la mtu bila hodi ni kutafuta ugomvi. Na mtu mweusi akiwa peke yake mashambani huwa na wasiwasi wa kuulizwa anatafuta nini.

Jibu ni ndiyo, unaruhusiwa, mradi njia hiyo ni ya haki ya umma. Kwenye Explorer njia hizo zimechorwa kwa mistari ya kijani iliyokatika-katika. Vistari vifupi ni njia ya miguu tu. Vistari virefu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia hupita. Haki hiyo ni ya sheria, si hisani ya mwenye shamba, na wewe unayo sawa na mtu mwingine yeyote. Kuna jambo moja la kuangalia: vistari vyeusi visivyo na kijani vinaonyesha tu kwamba njia ipo ardhini, havikupi haki ya kuipita. Kaa ndani ya njia, geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ukiwa na mbwa mfunge kamba karibu na kondoo. Mkikutana na mkulima, msalimie uendelee na safari yako.

Naweza kuona ramani za zamani bila kulipa?

Ndiyo. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, zikiwemo za Uingereza, na kuzitazama ni bure. Tafuta zile za skeli kubwa za mwishoni mwa karne ya 19. Tovuti hiyo hukuwezesha kuweka ramani ya zamani upande mmoja na picha ya satelaiti ya leo upande wa pili, ukisogeza moja na nyingine inasogea.

Fanya hivyo kwa Ludlow, anza na Broad Street. Utaona jinsi kilichobadilika kilivyo kidogo. Kisha nenda kaskazini-mashariki, kwenye reli iliyofika mwaka 1852, ambako mji umefurika nje ya umbo lake la zamani. Kwa hati na ramani za zamani zaidi, ghala la nyaraka la kaunti liko Shrewsbury.

Nitafikaje?

Kwa treni, stesheni iko kwenye reli ya Shrewsbury hadi Hereford. Treni za Manchester kwenda Cardiff nyingi zinasimama hapa. Ukitoka Birmingham badilisha Shrewsbury. Ukitoka London unaweza kubadilisha Newport, au kupitia Crewe au Shrewsbury; tenga saa tatu na zaidi. Ukishuka, fuata Station Drive hadi Corve Street, pinda kushoto upande mlima hadi Bull Ring, kisha kulia King Street. Mwendo wa robo saa taratibu.

Kwa gari, shika A49. Siku za soko usijaribu kuegesha Castle Square. Acha gari kwenye maegesho ya pembeni, au kwenye maegesho ya Sheet Road, karibu na A49, ambako unaacha gari na kupanda basi la kuingia mjini.

Soko ni siku gani?

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Baadhi ya Alhamisi na Jumapili kuna masoko maalumu ya wakulima na ya vitu vya zamani. Septemba kuna tamasha kubwa la vyakula kwenye ngome, na siku hizo vyumba vya kulala hujaa mapema.

Mzee wangu hawezi vilima. Tumlete?

Mleteni, ila mpangilie. Castle Square, kanisa na Buttercross viko juu ya kilima na tofauti ya mwinuko kati yake ni ndogo. Ugumu ni Broad Street, Mill Street na Corve Street, ambazo zote zina mteremko wa kuchosha magoti. Mshushe kwa gari juu, mitaa ya chini mteremke ninyi wenye nguvu.

Nikiwa na siku ya pili?

Panda treni kituo kimoja kaskazini hadi Craven Arms, kisha tembea kama kilomita moja na nusu hadi Stokesay Castle. Aliyeijenga ni Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza wa wakati wake. Mwaka 1291 mfalme Edward wa Kwanza alimpa kibali cha kuiimarisha kama ngome. Ukumbi wake wa mawe wenye paa la mbao umebaki mzima. Iko kwenye Landranger 137 hiyo hiyo, kusini kidogo ya Craven Arms, kando ya A49. Wakati wa baridi siku za kufungua hupungua, kwa hiyo angalia ratiba yao kabla ya kukata tiketi.